Goli la Upande wa Sokoni

Hii nimetumiwa na mtu, naye alitumiwa na mtu. Aliyeianza simjui, ila anaonekana mpira anaujua. Isome bila haraka, na kama una rafiki mwenye timu, au anayetamani kuwa na timu, usimnyime.

Palikuwa na tajiri mmoja wa mbao, jina lake Ezekia Chaula. Miti aliinunua ikiwa imesimama mlimani, akaiuza mjini ikiwa dari na milango, na hapo katikati akatajirika. Lakini mbao hazimshangilii mtu. Chaula aligundua hilo siku alipoalikwa kukabidhi kombe la wilaya, uwanja mzima ukaimba jina lake kwa sababu tu alikuwa ameshika kitu kinachong'aa. Tangu siku ile hakupona.

Akanunua timu. Iliitwa Radi, ya mji wake mwenyewe, timu ya vijana waliokuwa wakienda ugenini wamekaa juu ya magunia ya viazi. Akaipa basi, akaipa jezi, akaipandisha mpaka ligi kuu. Mji wa jirani nao ulikuwa na timu yake kongwe, Boma United, na Radi na Boma walipendana kama paka na panya. Wakikutana, hata harusi za siku hiyo ziliahirishwa.

Radi haikudumu. Chaula aligombana na wakubwa wa uwanja, akakasirika, akaiuza nafasi yake ya ligi kwa watu wa mbali walioihamisha na kuibadili jina. Watu wa mji wake waliweka matanga kabisa, wakakaa chini ya turubai, wakalia timu kama anavyoliliwa mtu. Wengine hawakumsalimia tena.

Miaka ikapita. Ndipo wazee wa Boma, ambao timu yao ilikuwa taabani, wakaja na kofia mkononi.

"Bosi, tunajua tulikuwa mahasimu," walisema. "Lakini maji yametufika shingoni. Ichukue."

Akaichukua. Hapo ndipo hofu ilipoanza kula naye meza moja.

Maana watu wa Boma hawakumwamini. Walimshangilia, ndiyo, lakini kwa jicho la pembeni. Kwenye vijiwe vya kahawa walisema: "Huyu ni mtu wa Radi. Timu yake ameiua, sasa amekuja kuizika na yetu." Kila Boma ilipofungwa, maneno hayo yalikua. Na msimu ule walifungwa sana, mpaka ikabaki mechi moja tu ya kuamua kama wanabaki ligi kuu au wanashuka daraja. Mechi ilikuwa nyumbani. Sare tu iliwatosha.

Chaula alijua wazi kilichokuwa mbele yake. Boma ikishuka, hakuna atakayesema timu ilikuwa mbovu. Watasema alitumwa. Atakuwa mtu aliyeua timu mbili, na miji miwili itamtemea mate. Mkewe alimwekea ugali, akautazama mpaka ukapoa.

"Baba Upendo, kula," mkewe alimwambia. "Mpira ni mchezo."

"Mchezo kwa anayetazama," alijibu Chaula, akasukuma sahani.

Kocha wa Boma aliitwa Gwamaka Mbilinyi. Wachezaji walimwita Mwalimu, kama makocha wote wanavyoitwa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mikono mikubwa kama majembe, kwa sababu enzi zake alikuwa kipa, tena kipa wa Boma hiyohiyo. Lakini mji ulikuwa na kisa naye. Zamani, katika mechi kubwa ya nyumbani dhidi ya Radi, mpira mwepesi ulimponyoka mikononi ukaingia wavuni, Boma ikakosa ubingwa. Mashabiki wakasema kauza mechi. Walipiga mawe bati la nyumba ya mama yake. Alikimbilia mji mwingine, akacheza timu ndogondogo, akazeeka kwa aibu. Chaula alimrudisha Boma kwa sababu makocha wengine walioitwa walikataa kazi, na Gwamaka alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Alitaka mji wake umwone tena akiwa mtu safi.

Sasa, wiki ile ya mwisho, Chaula alianza kuona mkono wa mtu kila mahali. Aliwanyang'anya wachezaji simu. Akawahamisha kambi, kisha akawahamisha tena. Aliyekuwa akiwapikia akamwondoa, akamleta shemeji yake kutoka kijijini. Akakataza mazoezi uwanjani kwao, eti kuna macho, wakawa wanafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha kiwanda chake cha mbao, katikati ya vumbi la msumeno. Vijana walikohoa kuliko walivyokimbia.

"Bosi," Gwamaka alimwambia, "vijana hawajalala vizuri wiki nzima. Kila siku kitanda kipya. Na uwanja wao wenyewe hawajaukanyaga."

"Mwalimu, wewe fundisha mpira. Mengine niachie."

"Ni hayo mengine yanayonimalizia wachezaji."

Chaula aligeuka akaondoka. Mawazo yake yalikuwa kwenye goli la upande wa sokoni.

Kila shabiki wa Boma alilijua goli lile. Mabao yote mabaya ya msimu yaliingilia pale. Kipa akidaka kama nyani upande wa shuleni, akihamia upande wa sokoni anageuka gogo. Gwamaka alieleza mara nyingi kwamba nahodha wao hupenda kuanzia upande wa shuleni, kwa hiyo kipindi cha pili, miguu ikiwa imechoka, ndipo wanapolinda la sokoni. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini mwenye hofu hapendi hoja nzuri, anapenda adui.

Na kila timu, kama mjuavyo, ina kamati ya ufundi ambayo haishughuliki na ufundi wowote wa mpira, ila wa waganga. Ya Boma iliongozwa na Mzee Simbeye, mtu wa koti jeusi jua na mvua. Alikuja kwa Chaula siku moja kabla ya mechi, akafunga mlango nyuma yake.

"Bosi, goli lile limefungwa. Kuna kitu chini."

Chaula alisimama. "Nani amekwambia?"

"Nimempata mtaalamu. Anaitwa Kapufi. Ukanda huu wote anaujua. Ameshaliangalia kwa mbali akatikisa kichwa."

Chaula alishusha pumzi. Niseme ukweli, alifurahi. Wiki nzima alikuwa akiogopa kitu asichokijua, na sasa ameambiwa kina mahali, kina udongo juu yake, na kinaweza kuchimbwa.

"Twende," alisema. "Safari hii nataka nione kwa macho yangu."

Mchana uleule walifunga mageti ya uwanja, wakatangaza kuwa kuna ukarabati. Kapufi alikuja na begi dogo kama la karani na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Hakuimba, hakutetemeka. Alitembea moja kwa moja mpaka goli la sokoni, akasimama hatua chache mbele ya mstari, karibu na nguzo ya kushoto, akakanyaga chini kwa kisigino.

"Hapa," alisema.

Mzee Simbeye alimtazama Chaula kwa fahari, kama baba ambaye mtoto wake amejibu swali darasani.

Walichimba wawili, Simbeye na dereva wa basi la timu. Udongo ulikuwa mgumu. Wakiwa bado wanachimba, Gwamaka akaingia kupitia upande wa vyumba vya kubadilishia nguo. Alikuwa amekuja kuomba kwa mara ya mwisho vijana wake waruhusiwe kupasha misuli uwanjani kwao. Alipoona jembe ndani ya boksi la kipa alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Bosi! Kesho kuna mechi hapa!"

"Tulia, Mwalimu. Ni kwa faida yako."

Ndipo jembe likagusa kitu laini. Simbeye akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akatoa furushi la kitambaa chekundu kilichooza. Ndani yake mlikuwa na unyoya, wembe uliokula kutu, na glavu moja ya kipa, imekauka kama ngozi ya samaki.

Chaula aliinama juu ya shimo. Kumbe ni kweli! Siku zote hizo alikuwa sahihi! Akataka kucheka, akataka kulia.

Lakini Gwamaka alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya shimo. Aliichukua ile glavu kwa vidole viwili, akaigeuza, akatazama kidole gumba. Palikuwa na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa kijani, ushonaji wa mtu asiyejua kushona.

"Hii ni yangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Ni glavu yangu. Ya kushoto. Hiki kiraka nilishona mwenyewe." Akapitisha kidole juu ya ule uzi. "Iliibwa chumbani asubuhi ya mechi ile na Radi. Nikadaka golini hapahapa kwa glavu za kuazima, kubwa, zinazunguka mkononi. Niliwaambia. Wazee wa timu, mashabiki, mpaka mama yangu. Wakasema mwizi gani anaiba glavu moja?"

Akakaa chini kwenye majani, mtu mzima, akalia bila kujificha. Mzee Simbeye alivua kofia. Yeye pia alikuwa miongoni mwa waliosema kauza mechi.

Chaula alishikwa na huruma ya kweli. Huruma ile ilichanganyika na hasira, na hasira ikampa nguvu ambayo hakuwa nayo wiki nzima. Alimwinua kocha wake kwa mkono.

"Mwalimu, nisikilize. Naapa mbele ya hawa. Aliyefanya hivi nitamtafuta popote alipo. Nitamsimamisha mbele ya mji huu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, na jina lako litasafishwa."

Gwamaka alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Chaula akamgeukia Kapufi. "Na wewe, wewe unayeona vilivyofichika. Nani alikizika?"

Kapufi alimtazama, akamtazama kocha, akafunga begi lake. "Hilo tutaongea wawili, Mzee. Mechi ipite kwanza."

Wakati huohuo geti likagongwa kwa nguvu. Alikuwa mtangazaji wa redio ya mjini, anauliza kwa sauti ni ukarabati gani usio na fundi. Chaula alishtuka. Picha moja tu ya shimo lile, na kesho nchi nzima ingecheka.

"Funikeni! Haraka!"

"Udongo lazima ushindiliwe," alisema Gwamaka, akifuta macho. "Umwagiwe maji, ushindiliwe. Bosi, pale ndipo kipa anaposimama."

"Weka majani juu, Mwalimu. Hakuna atakayeona. Tutoke."

Wakarudisha udongo kwa miguu, wakatandika majani juu yake, wakatoka kupitia upande mwingine. Furushi walilichoma. Glavu Gwamaka aliitia mfukoni.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza tangu asubuhi, ile isiyonyesha wala kukatika. Chaula alikaa jukwaa kuu, meno yamebana kijiti cha kuchokolea meno mpaka kikakatika, akachukua kingine. Kila mpira uliovuka katikati ya uwanja ulipita kwanza tumboni mwake.

Kipindi cha kwanza Boma walicheza kama watu waliofunguliwa kamba. Pengine ni kwa sababu Gwamaka, kwa mara ya kwanza, aliwaongelea vijana wake mambo ya zamani. Aliwaonyesha glavu. Aliwaambia tu, "Niliondoka hapa natukanwa. Nisaidieni niondoke natembea." Hakuna bao lililopatikana, lakini hakuna lililoingia. Sare. Sare ilitosha.

Kipindi cha pili wakahamia kulinda goli la sokoni. Chaula alimgeukia kipa wake akiwa na amani ya ajabu. Goli limefunguliwa, alijiambia. Adui amechomwa moto. Alimtazama Kapufi, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma akila karanga, akamwinamishia kichwa kwa heshima. Kapufi aliinamisha chake, lakini hakutabasamu.

Vijana walianza kuchoka. Vitanda vyote vile vya wiki nzima vilikuja kudai miguu yao. Beki akashika kiuno. Kiungo akakohoa vumbi la msumeno. Wageni wakasukuma, wakasukuma, Boma wakazuia kwa magoti na vifua. Mwamuzi alitazama saa yake. Mashabiki walianza kuimba. Chaula aliinuka, akaketi, akainuka.

Mpira mrefu ukapigwa kutoka mbali, mpira wa kukata tamaa, usio na macho. Ulidunda mbele ya boksi, ukaja polepole. Kipa wa Boma, kijana mmoja imara aitwaye Lwitiko, alipiga hatua kuukumbatia kama anavyofanya kila siku mazoezini.

Mguu wake ukazama.

Ulizama mpaka juu ya kifundo, kwenye udongo laini ulioloa, karibu na nguzo ya kushoto. Lwitiko alianguka kifudifudi. Mpira ukampita pembeni, ukaingia golini taratibu kama kuku anayerudi bandani.

Kisha filimbi ya mwisho ikalia, Boma ikawa imeshuka daraja.

Kelele ya kwanza ilitoka upande wa ukuta. "Kauza!" Wengine wakaidaka. "Kocha kauza! Kauza tena!" Goli lilelile, timu ileile, kipa aliyefundishwa na kipa yuleyule. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Watu walianza kushuka majukwaani kuelekea geti la wachezaji. Askari wakajipanga. Gwamaka alikuwa amepiga magoti kwenye tope pamoja na Lwitiko, akimvua kiatu, bila kuinua kichwa.

Chaula alikimbilia ofisi iliyo chini ya jukwaa, akamvuta Kapufi kwa mkono, akafunga mlango.

"Sema sasa. Nani alikizika? Nipe jina, niwape watu hawa, kabla hawajamuua yule mtu."

"Mzee, kaa."

"Sikai! Nani alikizika?"

"Mimi," alisema Kapufi.

Chaula alimtazama.

"Unadhani nilijuaje mahali? Mkono wangu ndio uliochimba. Mimi ni fundi, Mzee. Anayetaka nizike nazika, anayetaka nifukue nafukua. Timu zote za ukanda huu ni wateja wangu."

"Alikutuma nani?"

Kapufi alijikuna shingo. Kwa mara ya kwanza alionekana ana haya.

"Watu wa Radi. Kamati yako. Waliniambia, tajiri wetu anasema tufanye tunavyojua, yeye hataki kujua, anataka matokeo."

Chaula alikaa. Maneno yale aliyafahamu, yalikuwa yake. Kila mwaka wa Radi aliyasema, tena alijisifu kwayo. Kamati ilimjia na minong'ono yao, naye akanyoosha mkono kuwazuia: msiniambie, fanyeni, mimi nataka matokeo. Alijiona mtu msafi. Matokeo aliletewa, akabebwa juujuu mji mzima, na hakuuliza hata siku moja yalitoka wapi.

"Na kitu chenyewe," aliuliza kwa sauti ndogo, "ndicho kilichotufunga msimu wote?"

"Kile?" Kapufi alitikisa kichwa. "Kilikuwa cha mechi moja tu, Mzee. Kililala siku nyingi. Leo mmefungwa na shimo."

Nje kelele zilizidi. Kioo kikavunjika mahali fulani.

Sasa hapa, msomaji, ndipo nakuomba usimame kidogo pamoja na Chaula. Hakuna aliyejua ila watu wawili mle ndani, na Kapufi si mtu wa kusema bila kuulizwa. Kulikuwa na mlango wa nyuma. Kulikuwa na gari. Kulikuwa na mtu mwingine nje ambaye mji ulikuwa umekwisha kumhukumu, na aliyezoea. Chaula aliwaza yote hayo. Aliwaza pia mikono ile miwili mikubwa iliyomshika mkono wake jana.

Akafungua mlango wa mbele.

Alichukua kipaza sauti kwa mtangazaji wa redio, akapanda juu ya boneti ya gari lake, mvua inamnyeshea kichwani.

"Nisikilizeni!" alipiga kelele. "Kocha hajauza kitu! Wala leo, wala zamani!"

Watu walipunguza kelele.

"Glavu yake iliibwa kweli. Iliibwa na watu wangu, nikiwa Radi, wakaizika golini. Jana nimeichimbua. Shimo alilotumbukia Lwitiko nimelichimba mimi, na kocha alinionya nikakataa. Aliyemharibu mtu huyu ni mimi. Aliyeishusha Boma ni mimi. Kama kuna wa kupigwa mawe, nipo hapa!"

Chaula alifumba macho, akasubiri jiwe la kwanza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini kifua chake kilikuwa chepesi.

Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka katikati ya umati.

"Mmemsikia? Mmemsikia bosi?"

"Tumemsikia!"

"Mtu mechi yake imeuzwa mchana kweupe, bado anamkingia kifua kocha aliyeiuza! Moyo gani huo?"

"Jamani, huyu ni mzazi!" akadakia mama mmoja, na machozi yakamtoka. "Na sisi tulisema ametumwa!"

"Hapana!" Chaula alipaza sauti. "Nasema kweli! Ni mimi!"

"Ni yeye!" umati ukaitikia, na mtu akaanza kupiga makofi. "Ni yeye! Ni yeye!"

Kabla hajasema neno jingine walikwisha kumshusha kwenye gari na kumpandisha mabegani. Kipaza sauti kilimponyoka. Alirusha mikono, akapiga mateke, akaapa kwa jina la Mungu, nao waliona ni unyenyekevu uliopitiliza. Walimzungusha uwanja mzima wakiimba jina lake, vizuri kuliko siku ile ya kombe. Kutoka juu ya vichwa vya watu alimwona Gwamaka akipitishwa katikati ya askari kuelekea gari la polisi la kumnusuru, jezi imechanwa begani, watu wakimtemea mate. Gwamaka aliinua macho. Wakatazamana. Kisha umati ukageuka upande mwingine ukaenda naye.

Kesho yake asubuhi Chaula alienda nyumbani kwa kocha kwa miguu. Njiani watu walimwamkia shikamoo mpaka watoto wa shule. Alimkuta Gwamaka akipanga nguo kwenye sanduku. Bati juu ya kichwa chake lilikuwa na matundu mapya, mwanga unapita.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Bosi. Kiti kile kimelowa, kaa hiki."

Chaula hakukaa. "Nilisema. Nilisema yote, Mwalimu, kama nilivyoapa. Sikuficha kitu."

"Nilikusikia. Nilikuwa getini na askari, ulisikika wazi. Ulisema vizuri."

"Hawakuniamini."

Gwamaka alikunja shati, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Mimi pia niliwaambia glavu imeibwa," alisema.

Chaula alibaki amesimama pale mlangoni, na jirani aliyekuwa akipita akamnyooshea dole gumba kwa heshima.

Funzo: Ukimwagiza mtu ubaya ukasema hutaki kujua, siku utakapojua utakuwa umechelewa; maana ukweli uliokawia unaweza kumsafisha mkosaji asiyestahili, na ukamwacha asiye na hatia palepale ulipomtupa.